Duka la Tausi wa Gasenyi

Hapo zamani, si za kale sana kwa kuwa watu walikwisha zoea kununua mega za siku moja moja, wanyama wa Gasenyi walipata msiba wa duka. Nasema Gasenyi ile ya kaskazini mwa Bujumbura, yenye vilima vya udongo mwepesi na korongo ambalo mvua ikilijia vibaya halina mswalie Mtume. Majirani wa bondeni, Kamenge na Kinama, hawajayasahau maji ya Februari 2014. Simba simtii katika hekaya hii. Tangu 2019 Gasenyi ina ikulu, na mimi nina watoto wa kulea.

Duka lilikuwa la Tausi, ng'ambo ya korongo. Mwanzoni lilikuwa ubao mmoja uliopigiliwa kwenye mwembe: ndagala wamefika, kilo bei hii, Tausi akikosekana aulizwe Bata. Nungunungu, fundi wa redio asiyepata usingizi kabla hajafungua kitu na kukifunga upya, alikuwa akiusoma ubao ule kutoka upande wake wa korongo bila kulowa hata mwiba mmoja. Kisha Tausi akaenda kusomea usanifu. Aliporudi aling'oa ubao, akajenga duka lisiloingilika ila kwa kubebwa.

Wachukuzi hawakukosekana. Zamani alikuwepo Tembo, aliyekuja bure na kila nyumba mpya, utake usitake; tajiri wake alishtakiwa na serikali ya Marekani mwaka 1998 kwa mtindo huohuo, na Tembo mwenyewe akastaafishwa Juni 2022. Sikusikia kilio. Nafasi yake ilikwisha chukuliwa na Kiboko, aliyezaliwa 2008 akiwa mwembamba na mwepesi wa mbio, wallahi, waliomwona wapo. Siku hizi hainui mguu kabla hajamaliza nyasi za boma zima, na kila unapopita anapakumbuka, na anayoyakumbuka hayaishii tumboni mwake. Wengine wanavaa kofia za rangi mbalimbali, lakini ukiivua kofia unamkuta Kiboko. Hata mwana wa Tembo, tangu 2020, anatembea na mifupa ya Kiboko. Miongoni mwa wachache waliobaki na mifupa yao wenyewe ni Mbweha mwekundu. Nungunungu alimpenda kwa hilo, ingawa walikuwa wakifika kwenye maduka ya watu na kukuta kibao: Hapa anapokelewa Kiboko.

Asubuhi moja ya Aprili, mvua ikinyesha, Nungunungu alinunua mega za siku, akampanda Mbweha, akaenda kuuliza bei ya ndagala. Hakutaka kitu kingine. Mlangoni akapokewa na Kasuku.

"Karibu sana mpendwa mteja! Tunaijali faragha yako. Je, unakubali tuhesabu nyayo zako, sisi pamoja na marafiki zetu mia saba?"

Palipoandikwa NDIYO pana mlango wa kijani wa kupitisha ng'ombe wa mahari na washenga wao. Palipoandikwa HAPANA pana kishimo nyuma ya migomba, na ndani ya kishimo yamo majina ya marafiki wote mia saba, uyafute moja moja. Sheria anayoiimba Kasuku ni ya Ulaya, na huko wakati mwingine inauma: Januari 2022 Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kosa kwamba kukataa kulifanywa kugumu kuliko kukubali. Gasenyi hatukuletewa faini. Tuliletewa Kasuku.

Ndani, bei ilikuwepo. Iliandikwa kwa chokaa ya kijivu juu ya kibao cheupe, herufi nyembamba, ila ilikuwepo. Nungunungu akanyoosha mkono ageuze kibao aisome vizuri. Mkono ukiwa hewani, picha kubwa ya Tausi, iliyokuwa imechelewa njiani, ikadondoka kutoka darini na kusukuma rafu zote chini kwa hatua moja. Mkono ukatua kwenye chupa ya mafuta ya nywele.

"Asante kwa kununua!" wakaitikia nyani, wakaanza ngoma ambazo hakuna aliyewaomba.

Akamtafuta mwenye duka amlalamikie. Aliambiwa anwani ya Tausi imechorwa kwenye msingi, chini kabisa. Akateremka. Kila alipoukaribia msingi, vibarua walishusha rafu nyingine mpya katikati: sufuria, viatu, sufuria tena. Hapo ndipo mega zilipomwishia, na Mbweha akasimama palepale, mguu mmoja juu.

Kesi ikafika kwa bashingantahe, wazee waamuzi. Walikaa watatu chini ya mti: Mzee Kobe, Mzee Ngiri na Mzee Bundi, fimbo za hukumu mikononi.

"Wazee wangu," Tausi akajitetea, "kwangu linafunguka kufumba na kufumbua."

"Kwako wapi?" akauliza Kobe.

"Kiriri."

Wazee wakatazamana. Kiriri ni mlimani, kuna upepo, kuna nyumba zenye kijito chao, na Tausi alikuwa amefuga farasi wa mwaka huu anayeshiba kila saa. Alilijenga duka huko, akalitazama kutoka huko, akajipongeza huko. Korongo hajawahi kulivuka tangu arudi masomoni.

Wakaitwa Mchwa watoe ushahidi. Hawa walikuja kutoka Norwei mwaka 2006 na wameokoa mega za maskini wengi: wanalivunja duka kulekule liliko, wanakuletea makombo ya maneno tu, mapambo wanayaacha.

"Zamani tuliweza," walisema. "Siku hizi Tausi haandiki bei mwenyewe. Amewakabidhi nyani waiandike baada ya ngoma. Tukiwatoa nyani, bei nayo inatoka. Tunaleta ukuta mtupu."

Mimi kwa ushahidi huo ningemfunga. Wazee wana subira kunishinda. Waliamua Tausi aanzie mlangoni kwa Nungunungu, kwa mega za Nungunungu, alete bei ya ndagala kabla ya jua kuzama.

Alirudi usiku. Mkia umeloa, chupa mbili za mafuta ya nywele kwapani, na Bata nyuma yake akimsomea habari za asubuhi alizojiandikisha bila kujua.

"Bei?" akauliza Ngiri.

"Bei sikuifikia. Lakini wazee, mmeuona ule mlango unavyofunguka?"

Akatozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Tausi akakubali bila kinyongo, akasema mtungi uko tayari, wapite tu kuuchukua dukani.

Wazee wakapita. Kasuku walimjibu ndiyo, wana umri. Baada ya Kasuku wakamkuta Kima, anayetaka mgeni athibitishe kwamba si sanamu ya kufukuzia ndege. Akawaonesha picha iliyokatwa viwanja tisa: gusa kila kiwanja chenye pikipiki. Sasa hawa ni watu walioamua mipaka ya mashamba maisha yao yote, na pikipiki yenyewe ilikuwa imelala katika viwanja viwili, ila kioo chake cha pembeni kimevuka mpaka kwa upana wa ukucha na kuingia cha tatu. Ngiri akasema kioo kinamfuata mwenye pikipiki. Bundi akasema kilicho ardhini mwa mtu ni chake mpaka ithibitike vinginevyo. Kobe akataka waitwe majirani wa viwanja vyote tisa.

Kima akachoka kuwasubiri, akabadilisha picha. Safari hii walitakiwa kugusa mabomba ya zimamoto, yale mafupi mekundu yanayosimama kando ya barabara za Marekani. Mzee Kobe aliyatazama kwa muda, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya heshima ni makaburi ya nani.