Sifa za Chupa ya Mlangoni

Miezi saba nimeishika chupa ya kitakasa mikono, kwa hiyo sidhani kuna mtu mwenye haki ya kuisifu kunishinda. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa ukumbi wa bufee, katika meli ya kitalii iliyong'oa nanga Florida kila Jumapili kwenda kuzunguka visiwa vya Karibi. Kazi ya asubuhi ilikuwa kunyunyiza. Abiria anakuja, ananyoosha viganja kama aombaye dua, nampulizia, anasugua mara mbili, huyoo kwenye soseji. Tulitakiwa tuimbe pia. Wimbo wenyewe wa Kiingereza cha kitoto, unawahimiza watu wanawe, tena wanawe kwa furaha. Maji hayakuwapo, lakini nani huchunguza maneno ya wimbo saa moja asubuhi?

Sifa zake basi. Ni nyepesi. Haidai taulo wala hailoweshi mkono wa shati. Inachoma kwenye mchubuko, ikamkumbusha mwenye kidonda kwamba ana kidonda. Hizo ndogondogo, nazipita.

Sifa iliyo kubwa ni ukarimu. Yuko mgeni azipendaye sana meli hizi, jina lake norovirusi, ambaye humtapisha mtu na kumharisha kwa pamoja, hata asijue ni upande gani aanze kuuelekeza kwenye choo. Sasa spiriti iliyomo chupani ni katili kwa virusi wengine. Wa mafua na wa korona huvaa koti la mafuta. Spiriti ikiligusa linayeyuka, na mwenye koti anakufa uchi. Norovirusi hakuja na koti. Ana ganda gumu la protini, kama nazi iliyokwisha fuliwa, na spiriti humpita bila kumfanya la maana. Tazama adabu ya chupa yangu! Inamlaki mgeni mlangoni, inamtia manukato, inamsindikiza hadi kwenye koleo la saladi. Akichoka na koleo hilo, kuna la mikate, kuna kichupa cha chumvi, kuna kitufe cha lifti. Sisi watu wa Pwani tunajidai kwa ukarimu, lakini hata kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Chupa haikumpa jembe hata siku ya saba. Kusema kweli yeye mwenyewe hana makuu: mtu huwa hamsumbui zaidi ya siku tatu, kisha mtu anapona na kurudi bufee, huku akiendelea kumtoa mgeni huyo kwa haja kubwa hata wiki mbili.

Wenye roho mbaya watasema baadhi hufa kwa spiriti. Sawa, siwezi kuinyima chupa hatia yake. Lakini chembe zisizofika mia zinatosha kumlaza mtu mzima, na kinyesi kidogo cha mgonjwa hubeba mabilioni. Waliobaki wanatosha.

Wala mgeni huyu si mtoto wa bahari. Jina lake limetokana na Norwalk, mji wa Ohio, ambako wanafunzi wa shule ya msingi waliugua mwaka 1968. Miaka minne baadaye mwanasayansi Albert Kapikian akamwona kwa darubini ya elektroni. Hadi leo makao yake makubwa yako nchi kavu, kwenye nyumba za wazee, shule na mikahawa. Meli ndizo zinazovuma kwa sababu kuna anayezihesabia. Tangu 1975 Marekani ina mpango wa kukagua usafi wa meli, chini ya CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, na asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia wakiripotiwa kuugua, safari hiyo hutangazwa. Kwenye meli ya abiria 3,000 ni watu 90. Ndipo nilipoelewa kwa nini bosi wetu alionekana mchangamfu siku wagonjwa walipofika 60, na kwa nini walipokuwa 80 alianza kuwasalimia abiria kwa kuwatazama rangi ya uso.

Asubuhi moja bi mkubwa mmoja alikuja na sahani mbili. Akaniambia nimpulizie mara mbili, maana mumewe tumbo linamwendesha tangu usiku na yeye ndiye anayempelekea chakula. Nikamuuliza kama wamemwona daktari wa meli. Akacheka. Mgonjwa akijulikana hufungiwa chumbani, na nani kalipa nauli aje atazame dari? Hata fomu ya afya ya kupandia meli watu huijaza hivyo hivyo: hapana, hapana, hapana, sahihi. Akachukua koleo.

Usiku uliofuata mwenzangu Mfilipino alikuwa anapiga magoti kwenye lifti, na klorini, saa nane. Siku mbili baadaye nikalala mimi. Nilifungiwa chumba kisicho na dirisha, bakshishi za siku hizo zikaenda, na bosi akapiga simu kuuliza swali moja: nilikuwa nanawa mikono? Mimi! Aliyenisimamisha mlangoni na chupa ni yeye. Siku ya kwanza ya mafunzo walituonyesha ukutani, kwa maandishi makubwa, kwamba kwa norovirusi kitakasa mikono si badala ya sabuni na maji. Siku ya pili wakatugawia chupa na wimbo.

Samahani, nimeacha kusifu. Lakini hata hasira hii ni ya kuiongezea chupa heshima. Kunawa kwa sabuni hutaka sekunde 20. Watu elfu mbili wakinawa kutakuwa na foleni, na foleni huzaa malalamiko kwenye fomu za mwisho wa safari. Masinki yakijengwa mlangoni, meza kadhaa zitaondoka. Chupa haina foleni, haina bomba, na hupendeza kwenye picha. Abiria hujiona msafi, kampuni hujiona imewajibika. Nyanya yangu kule Mombasa hakuwahi kusikia habari za protini, lakini hakuna mjukuu aliyegusa sinia kabla mdogo wetu hajapita na birika, sabuni na beseni. Kwa mujibu wa meli ile, nyanya alikuwa akipoteza meza.

Ukipanda meli kama hizo ukamkuta kijana mlangoni na chupa, usimgombeze. Imba pamoja naye ukipenda. Kisha muulize sinki liko wapi. Letu lilikuwa kushoto, nyuma ya mashine ya aiskrimu, na mashine hiyo hakuna abiria aliyewahi kuniuliza ilipo.