Mkataba wa Upangaji kati ya Mwenye Nyumba na Mtoto wa Mbwa

Mkataba huu unafungwa kati yako wewe, mkazi wa Mwanza, uwe umepanga Igogo au umejenga Buswelu, na mtoto wa mbwa uliyeahidiwa juzi na rafiki wa Magu. Mpangaji huyu halipi kodi ya miezi sita wala hakuletwa na dalali. Ana pua kali, kibofu kidogo na imani kubwa kwamba zulia lako ni choo. Wewe ndiye unayejua saa, unayeshika funguo na unayenunua chakula, kwa hiyo vifungu vingi vinakubana wewe. Visome kwa sauti mbele ya familia nzima, maana mbwa hujifunza usafi pale nyumba nzima inapofuata ratiba moja. Nyumba isiyo na ratiba itanuka mkojo hata kama mbwa wake ana akili kupita mbwa wote wa Kanda ya Ziwa.

Kifungu cha 1: Siku ya kuhamia

Mpangaji hahamii kabla ya kutimiza wiki 8. Wengi huwachukua mara tu wanapofumbua macho, wakihofia kuwahiwa. Subiri. Kuanzia wiki ya 3 hivi, watoto wa mbwa huanza kujikokota kutoka pale wanapolala na kukojoa pembeni. Mbwa hapendi kuchafua malazi yake, na mafunzo yote yaliyomo humu yamejengwa juu ya tabia hiyo. Wiki zinazofuata, ndugu zake humfundisha kupima nguvu ya meno: aking'ata kwa nguvu, mwenzake anapiga kelele na mchezo unakwisha. Anayeondolewa mapema huja kujifunzia somo hilo kwenye vidole vya wanao.

Unapokwenda kumchukua, beba kipande cha khanga kuukuu, mfutie nacho mama yake na ndugu zake. Harufu hiyo ndiyo mali pekee atakayohama nayo, na usiku wa kwanza atalala juu yake.

Kifungu cha 2: Chumba

Mwenye nyumba atampa mpangaji kizimba. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa mbao, hata zile za matenga ya nyanya, mradi azipige randa na asiache msumari umechomoza. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa nondo nyembamba. Kipimo ni hiki: mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale na kunyoosha miguu. Kisizidi hapo. Kikiwa kikubwa mno, atalala kona moja na kukojoa kona ya pili. Kama anatoka kwenye ukoo wa mbwa wakubwa, tengeneza kikubwa sasa, kisha ziba nusu kwa ubao na uusogeze kadiri anavyokua.

Kizimba kinakaa ndani, mahali anaposikia sauti za watu. Usikiweke nje chini ya bati wala juu ya jabali. Mawe ya Mwanza yakishapigwa na jua la mchana hubaki na joto mpaka jioni, na mtoto wa mbwa aliyefungwa hawezi kujitafutia kivuli.

Siku za mwanzo acha mlango wazi, na chakula chake kiwekwe humo ndani. Akizoea kuingia mwenyewe, funga mlango anapokula na umfungulie akimaliza. Kisha mfungie dakika chache ukiwa umekaa karibu, halafu dakika chache zaidi ukiwa chumba cha pili. Mchana asifungiwe zaidi ya saa mbili mfululizo katika umri huu. Na yeyote katika familia asimsukumie humo kwa hasira. Akikiogopa kizimba, umepoteza mahali pa kumlaza na chombo cha kumfundishia kwa pamoja.

Kifungu cha 3: Ratiba ya choo

Kwa makadirio, mtoto wa mbwa aliye macho anaweza kubana mkojo kwa saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili ana saa mbili, na akicheza sana hazifiki. Kwa hiyo anatolewa nje kila anapoamka, kila anapomaliza kucheza, ndani ya nusu saa baada ya kula na mara ya mwisho kabla ya kulala. Saa kumi na moja alfajiri mtu mzima awe ameshavaa kandambili. Baada ya hapo fuata milo: mitatu au minne kwa siku, kwa saa zilezile. Chakula kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Anayeachiwa sufuria ya ugali ailambe kutwa nzima atakwenda haja kutwa nzima, na hakuna atakayejua lini.

Mtoe kwa kumbeba au kwa kamba, mpeleke mahali palepale kila mara, na usimame naye. Kumfungulia mlango na kurudi kwenye tamthilia si kumfundisha. Atazunguka, atanusa, atamfukuza mjusi, kisha atarudi kumalizia sebuleni. Chagueni neno moja la kumwambia, na liwe moja kwa wote. Baba akisema "toka", mama akisema "nje" na watoto wakisema "kojoa", mpangaji ataona amehamia kwenye nyumba ya lugha tatu.

Kazi hii igawanywe kwa majina na kubandikwa ukutani. Isimwangukie dada wa kazi peke yake. Aliyeomba mbwa aletwe ndiye ashike zamu ya alfajiri.

Kifungu cha 4: Malipo

Katika mkataba huu mwenye nyumba ndiye anayelipa, na analipa kwa dagaa. Nenda Mwaloni Kirumba, chagua waliokaushwa juu ya vichanja badala ya mchangani, wasio na chumvi. Weka wachache mfukoni. Mpangaji akimaliza haja mahali panapotakiwa, msifu na mpe dagaa mmoja hapohapo, kabla hajapiga hatua. Ukisubiri mpaka mfike jikoni, atadhani amelipwa kwa kufika jikoni. Mifupa ya sato na sangara iliyobaki mezani haimo katika malipo, kwa sababu inaweza kumkwama kooni au kumchoma utumbo.

Kifungu cha 5: Ajali

Ajali zitatokea. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja ili ashtuke kidogo, mbebe nje, na akimalizia huko mlipe. Ukikuta dimbwi lililokwisha kupoa, chukua tambara ufute. Basi. Mbwa huunganisha adhabu na lile linalotendeka wakati huohuo. Ukimpiga kwa mkojo wa nusu saa iliyopita, anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani huwa unapiga. Ukimsugua pua kwenye kinyesi, anajifunza kujificha nyuma ya kochi siku nyingine, na hapo utagundua ajali kwa harufu tu. Fimbo iachiwe wachunga ng'ombe, nao waiinue kwa kiasi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa wako yumo.

Sakafu isafishwe kwa maji na sabuni, kisha ipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji. Usikimbilie jiki. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, na inaweza kukuondolea harufu wewe huku pua ya mbwa ikiendelea kuisoma. Sakafu ya saruji isiyo na marumaru hunywa mkojo, kwa hiyo rudia mara ya pili. Mahali panaponuka choo, kwake yeye ni choo.

Kifungu cha 6: Usiku na mvua

Usiku wa kwanza atalia. Ametengwa na mama na ndugu siku moja. Weka kizimba karibu na kitanda chako, ashushiwe mkono autambue. Kibofu kilicholala hustahimili kuliko kilicho macho, lakini wa miezi miwili bado atahitaji kutoka mara moja, pengine saa nane usiku. Mtoe kimya, bila mchezo wala mazungumzo, mrudishe alale. Kilio cha haja hujibiwa. Kilio cha kutaka kucheza huzimika chenyewe kisipojibiwa, na baada ya siku chache utavitofautisha.

Mvua za masika na vuli zina kesi yake. Radi za ziwani humtetemesha hata mtu mzima, na mtoto wa mbwa akiona ua limegeuka bwawa atagoma kushuka ngazi. Tenga mapema mahali upenuni, pamwagwe mchanga, apazoee kabla mawingu hayajatanda juu ya ziwa. Mwamvuli ni wako, na kusimama pale ni kwako pia.

Kifungu cha 7: Wapangaji wenzake

Ukiishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, omba ruhusa kabla ya kumleta, kwanza kwa mwenye nyumba wako, kisha kwa majirani mmoja mmoja. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi asifike kwenye ndoo, birika la udhu wala kamba ya kuanikia kanzu. Kumzuia ni wajibu wako. Jirani hakusaini kitu. Imani hiyohiyo inahadithia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, kwa hiyo ukimlea kwa adabu utapata ujirani mwema.

Kinyesi kiokotwe kila siku na kutupwa kwenye choo cha shimo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, na mayai yake hukaa kwenye udongo ambako wanao wanacheza peku. Aidha, jiji letu limejengwa vilimani. Kinachoachwa juu Mabatini au Bugando husombwa na mvua hadi Mto Mirongo, na Mirongo humwaga ziwani, tunakovua kitoweo na tunakoteka maji.

Kifungu cha 8: Afya ya mpangaji

Dawa ya minyoo ianze akiwa na wiki 2 na irudiwe kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 12. Ukimchukua akiwa na wiki 8, uliza amekwishapewa mara ngapi. Mpaka amalize chanjo zake za utotoni, choo chake kiwe ndani ya ua wako. Usimpeleke jalalani wala kwenye njia wanakopita mbwa wazururaji, maana virusi vya parvo hukaa muda mrefu kwenye udongo na huua kwa kuhara damu ndani ya siku chache.

Usimwogeshee ziwani. Konokono wa kandokando ya Ziwa Victoria hubeba vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya anayesimama majini, yaani wewe na wanao mnaomsugua. Beseni na maji ya bomba vinatosha.

Akitimiza miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka kama atakavyokuelekeza afisa mifugo wa kata. Hapa hakuna mjadala. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Upande wa mashariki wa ziwa, wilayani Serengeti, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni kuanzia mwaka 1996, na idadi ya watu walioumwa na mbwa wenye kichaa ikashuka. Lengo linalotumika duniani ni kuchanja mbwa angalau 70 kati ya kila 100, na wako ni mmoja wa hao 70. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kifungu cha 9: Muda wa mkataba

Mbwa wengi hutulia wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 6. Wengine huendelea na ajali za hapa na pale hadi karibu mwaka, na hilo si ukaidi. Akirudi nyuma ghafla baada ya kuzoea, usimgombeze kwanza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu ya njia ya mkojo. Akipona, rudi kwenye ratiba ya kifungu cha 3 kwa wiki moja.

Wapo watakaokuambia kwamba mbwa wa Mwanza ni wa kufungwa mnyororo mchana, kulishwa makombo na kupigwa ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo humng'ata mtoto wa jirani, na hofu yake haimchagui mwizi. Aliyelelewa ndani, aliyezoea sauti za nyumba na kujua nani ni wa hapa, ndiye anayebweka pale mgeni wa saa tisa usiku anapogusa geti. Ulinzi unaoutafuta unaanzia kwenye kile kizimba, kwenye zamu ya alfajiri na kwenye dagaa mmoja unaotolewa kwa wakati.

Mkataba huu hauvunjwi kwa kumtupa Igoma usiku akajitafutie. Ukiona hutaweza kuamka saa kumi na moja, usimchukue; mwachie mwingine. Ukiona utaweza, andika jina lako kwenye zamu ya kwanza leo, kisha nenda kwa afisa mifugo wa kata yako ukaulize siku ya chanjo.