Ombi dogo la picha ya pili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwenyi. Natanguliza salamu ya Kigogo kwa kuwa sasa sote ni wakazi wa hapa, ingawa Mheshimiwa uko upande wa lami nami niko upande wa vumbi. Uniwie radhi kukuandikia bila kupitia ngazi zinazohusika. Ngazi hizo nazifahamu, na magoti yangu yanazifahamu zaidi.

Kwanza pokea pongezi. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, MRI ipo, na mpango wa kuleta tiba ya mionzi hapa ukikamilika, mgonjwa wa Kondoa au Manyoni hatahitaji tena kutafuta pa kulala Dar es Salaam kwa wiki sita ili atibiwe hospitali ya saratani ya Ocean Road. Siku ya kukata utepe nitakuwepo, safu ya nyuma kabisa, nikipiga makofi.

Ombi langu, kama si utovu wa adabu, linahusu siku za baada ya utepe.

Mionzi inayoua uvimbe wa ubongo hugusa pia sehemu zenye afya zilizo jirani. Kwa gilioma kali, aina ya uvimbe huo, dozi ya kawaida ni grei 60, zikigawanywa katika vipindi 30. Mishipa midogo ya damu huumia, na miezi sita, mwaka, pengine miaka miwili baadaye, kipande cha ubongo huweza kuanza kufa. Mgonjwa aliyekwisha kupewa pole na hongera anaumwa kichwa upya, anasahau majina ya wajukuu, mkono unalegea. Anapigwa MRI, anachomwa dawa ya gadolini, na picha inaonesha doa linalong'aa.

Hapo ndipo penye kesi, Mheshimiwa. Saratani iliyorudi nayo hung'aa vivyo hivyo. Gadolini huvuja popote ukuta wa mishipa ulipobomoka. Haiulizi nani kaubomoa. Na jibu ndilo linaloamua kama mgonjwa atapelekwa kwenye kisu na dawa kali za saratani, au atapewa deksamethasoni ya kutuliza kuvimba kwa ubongo huku akiangaliwa. Kumpiga mionzi tena mtu aliyejeruhiwa na mionzi, nadhani hata wasaidizi wako hawatakushauri.

Njia za kuwatenganisha wawili hawa, saratani na jeraha la mionzi, zipo. MRI iliyowekewa programu yake hupima wingi wa damu kwenye doa: saratani hai kwa kawaida hujaa damu, sehemu iliyokufa huwa na kidogo. Hupima pia kemikali kama kolini, ambayo hupanda uvimbe unapokua. Hakuna kipimo kisichokosea, na ndiyo maana njia ninayoiombea ni ya bei nafuu kuliko zote: kulinganisha na picha ya zamani. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya tiba, doa huweza kukua kisha likanywea lenyewe. Daktari mwenye mfululizo wa picha anaweza kusubiri. Mwenye picha moja anakisia.

Sasa hiyo picha ya zamani iko wapi? Kwa heshima zote, nimewahi kumsindikiza ndugu hospitali moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nami nitaugua siku moja. Tulipewa ripoti ya ukurasa mmoja na bahasha nzuri sana. Picha zenyewe, tuliambiwa, zimo kwenye mfumo, na mtandao ulikuwa unasumbua.

Basi naomba, kama ratiba itaruhusu: picha ya baada ya mionzi na zile za marudio zihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, izilipie bila mgonjwa kuandika barua kama hii. Na picha zimfuate mgonjwa anakotibiwa, Ocean Road hadi Dodoma. Treni ya SGR imeshaonesha kuwa safari hiyo inawezekana ndani ya saa chache.

Iwapo barua hii imepita dirisha lisilo lake, irudishwe tu masjala. Nitaifuata mwenyewe, na nitapanga foleni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma