Ombi la Dakika Ishirini za Chai

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Baraza la Kriketi la Kimataifa,
Dubai.

KUH: ZIARA YA TIMU YA TAIFA YA KENYA NCHINI UINGEREZA, MECHI TANO ZA TESTI, SEHEMU YA CHAI TU

Salamu nyingi kama mchanga wa Pwani. Sisi huku hatujambo, ila tunazeeka. Mlipohamisha ofisi kutoka Lord's kwenda Dubai mwaka 2005 tulifurahi kimya kimya, tukasema sasa wakubwa wamesogea upande wetu. Kumbe mlango ndio uliosogea, kitasa kikabaki juu kule kule.

Naandika kuomba ziara. Msishtuke. Siombi Testi nzima. Siku tano ni nyingi kwa watu kama sisi, tunaweza kuvunja kitu. Ombi langu ni dogo na linakuja, lakini kwanza niruhusuni nieleze habari za doa lililo kwenye suruali yangu.

Tarehe 24 Februari 2003 ilikuwa Jumatatu. Kazini nilisema nina mgonjwa, nikaenda uwanja wa Gymkhana hapa Nairobi, kwenye mechi ya Kombe la Dunia. Kenya ilikuwa imejikokota hadi mikimbio 210, na Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, walikuwa wanaingia kumaliza kazi wapande ndege. Kando yangu kwenye nyasi alikaa mzee mmoja wa Ngara, Mhindi mwenye kofia ya pama, na chupa ya chai ya tangawizi, na kachori zimefungwa kwenye gazeti. Collins Obuya alikuwa anarusha ile mipira yake inayogeuka ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Wiketi yake ya tano ilipoanguka, mzee alikuwa ananimiminia kikombe. Macho yakaenda uwanjani, mkono ukaendelea kumimina. Chai ikajaa, ikafurika, ikanishukia pajani, na mimi nilikuwa napiga kelele za furaha tayari, kwa hiyo zile za maumivu hazikusikika. Sri Lanka walitoka na 157.

"Kijana," mzee akaniambia akinipa leso yake, "sasa watatupa Testi. Hawana budi."

Suruali ninayo. Doa halijatoka. Mzee, nasikia, ametangulia mbele ya haki. Na mimi siku hizi makondakta wananiita mzee.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Machi ile tulifika nusu fainali Durban, India wakatulaza kwa mikimbio 91, tukarudi nyumbani mashujaa, tukakaa sebuleni kusubiri barua yenu. Barua haikuja. Mechi na wakubwa zikawa kama maji ya bomba la mtaani kwetu: ukifungulia, upepo. Mwaka 2011 tukaenda Chennai, New Zealand wakatutoa wote kwa 69. Mwaka 2014 hadhi ya mechi za ova 50 nayo ikaondoka. Tuliomba kiti mezani, mkachukua na stuli tuliyokuwa tumeikalia.

Sababu tuliyoisikia miaka yote ni kwamba hatujakomaa. Sawa. Naomba basi mnisaidie kuhesabu, maana shuleni sikuwa hodari. New Zealand walianza kucheza Testi mwaka 1930. Ushindi wao wa kwanza ulikuja 1956. Katikati hapo, Auckland, 1955, walitolewa wote kwa mikimbio 26, na mpaka leo hakuna timu ya Testi iliyopata pungufu ya hapo. Bangladesh mliwapa Testi mwaka 2000, wakacheza 34 bila ushindi hata mmoja, wakapata wa kwanza Januari 2005. Siwacheki, Mungu ananiona. Nawaonea kijicho. Waliruhusiwa kufungwa! Mtoto hujifunza kuogelea majini. Sisi mlitutaka tuogelee mchangani kwanza, mkisharidhika na mikono yetu ndipo mtuonyeshe bahari.

Hao Bangladesh, wakiwa na Testi yao mfukoni, tuliwafunga Johannesburg katika mashindano hayo hayo ya 2003 kwa mikimbio 32. Halikuhesabika. Wao wana nchi ya watu zaidi ya milioni 100 na televisheni. Sisi tulikuwa na wiketi tu.

Mpigaji wetu Steve Tikolo alistaafu bila kucheza Testi hata moja. Hilo siwasamehe. Andikeni mtakavyo, undeni kamati, chapisheni mikakati yenye picha za watoto weusi wakicheka na magongo ya plastiki. Mliketi mkamtazama mtu yule akimaliza ile miaka ambayo mkono huuona mpira kabla ya jicho, na mlijua ni miaka ambayo hairudishwi. Mlijua.

Samahani. Chai imenipanda puani. Narudi kwenye adabu.

Ombi lenyewe ni hili. Pale Lord's mechi huanza saa tano asubuhi, chakula ni saa saba, na saa tisa na dakika arobaini kila mtu huacha alichokuwa akifanya, akaenda kunywa chai kwa dakika 20. Hizo dakika 20 ndizo ninazoziomba. Timu ya taifa ya Kenya ipelekwe Uingereza, izunguke Lord's, Trent Bridge, Headingley, Old Trafford na The Oval, ikae nje ya uzio wakati wenye hadhi wanacheza, halafu saa ya chai ikifika, iingie. Ikinywa, itoke. Mechi tano za siku tano ni dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini. Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi London haipungui hapo, kwa hiyo hakuna atakayedai tumekaa sana.

Nimeshaifikiria kwa undani. Vijana watavaa nyeupe, na kwa kuwa ni chai ya maziwa, nyeupe hiyo itakuwa mtihani tosha wa ufundi. Nahodha atakuwa mchezaji wa 12, kwa sababu katika kriketi yeye ndiye mwenye uzoefu wa kubeba vinywaji. Ataingia wa kwanza, chupa mbili kwapani, akipiga hatua taratibu huku akilitazama jua, kama wafanyavyo wapigaji wote wa kufungua. Kabla ya kikombe cha kwanza kutarushwa sarafu kuamua nani aanze kumimina. Mwamuzi atakagua rangi ya chai kama anavyokagua mpira, na ikipauka ataagiza majani mapya. Mandazi yatachovywa kiwiko kisikunjuke kupita nyuzi 15, sheria zenu tunaziheshimu. Atakayeangusha andazi ndani ya kikombe ametoka. Hakuna rufaa ya televisheni. Andazi likizama limezama. Na timu mwenyeji ikinywa ikatuacha nyuma sana, iwe na haki ya kutulazimisha turudie papo hapo. Tutarudia. Kufungwa kwa namna hiyo, kwa heshima, watu wakitupigia makofi ya taratibu, ndicho kitu tulichokitamani tangu mwanzo.

Majani tutakuja nayo, ingawa ni kama kupeleka samaki ziwani. Sehemu kubwa ya chai wanayokunywa Waingereza imetoka Kericho, Nandi na milima jirani ikapita mnadani Mombasa. Mkitazama vizuri, waheshimiwa, majani yetu yameshacheza Testi nyingi. Yamekaa kwenye chumba cha wachezaji pale Lord's, yameona kila kitu, hakuna aliyeyaambia hayajakomaa. Ni watoto wa wachumaji tu waliobaki nyuma ya uzio.

Nasisitiza, ni chai ya kunywa. Huku kwetu neno hilo lina maana yake ya pili, na naogopa viongozi wetu wa michezo wakiliona kwenye barua watafunga mifuko ya safari kabla ya wachezaji. Wao pia nina lao nao. Wachezaji waligoma 2004, chama cha zamani cha kriketi kikazikwa 2005, na siku mlipokuwa mnatufungia mlango kwa nje, wao walikuwa ndani wakigombania ufunguo wa stoo. Lakini hiyo ni barua nyingine, na itaandikwa kwa kalamu nyekundu.

Madogo mengine, nikiwa bado na nafasi kwenye karatasi. Watangazaji wenu waache kutuita dagaa. Sisi watu wa nchi za ziwa tunajua dagaa hachezi, huliwa. Asanteni pia kwa hadhi ya T20, iliyoanza Januari 2019 kwa kila mwanachama wenu. Tuliipata siku moja na nchi ambazo sikujua zina nyasi. Na kuhusu viwanja, naomba tuelewane. Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mia yake ya mipira 37 hapo Gymkhana mwaka 1996. New Zealand walibeba kombe lenu la mtoano hapo hapo mwaka 2000, Chris Cairns akiwatesa India kwenye fainali. Zimbabwe waliwapiga Gambia mikimbio 344 ya T20 pale Ruaraka, Oktoba 2024, rekodi ya dunia ya siku ile. Nyasi zetu hazina kasoro, inaonekana. Wenye nyasi ndio hawajakomaa.

Nao New Zealand, miaka miwili na miezi minne baada ya kuondoka Gymkhana na kombe, walikataa kurudi uwanja ule ule kwa ajili ya usalama. Hoteli ya Kikambala ilikuwa imelipuliwa Novemba 2002, sikatai, na hofu ya mtu haichekwi. Sri Lanka walikuja lakini. Wakafungwa. Labda ndiyo hatari yenyewe iliyoogopwa. Pointi za mechi waliyoikataa New Zealand tulipewa sisi, na tangu siku hiyo kila anayeitaja nusu fainali yetu huikohoa kidogo kabla ya kuimaliza, kana kwamba Obuya aliwatoa watano kwa barua ya daktari.

Basi nasubiri jibu. Mkikubali, nitaomba niongozane na timu kwa gharama yangu, nikae Lord's kwenye jukwaa la bei nafuu, nikiwa na suruali ile, kama bado itanipita kiunoni. Tujulisheni mapema watu wenu hutumia vijiko vingapi vya sukari. Vikombe msihangaike, tutakuja na vyetu; vya kwenu tunajua havitoki.

Wenu mtiifu,
Shabiki wa Testi ambayo haijachezwa,
Nairobi.