Fa ya Juu Imepanda Matatu ya Ganze

Anayemtumia mwenyekiti wetu wa akina mama video za makanisa ya Marekani simjui, lakini siku nikimjua tutaongea. Kila Novemba, joto la kaskazi likianza kutukaanga hapa Malindi, simu ya Mama Mwenyekiti hupokea kitu kipya, na kitu hicho huishia kwangu, mwalimu wa kwaya. Safari hii ni kengele za mkononi.

"Mwalimu, hebu tazama. Wamesimama nyuma ya meza, kila mtu na kengele zake mbili, hawafungui mdomo, wanatingisha tu na wimbo unatoka! Sisi tunashindwa na nini?"

Tunashindwa na mengi, Mama. Seti ndogo ya oktava mbili ni kengele 25, na ikiwa mpya bei yake ni ya gari, si ya baiskeli. Halafu wapigaji huvaa glavu ili jasho lisiharibu shaba. Glavu! Malindi, mwezi wa Desemba! Hapa hata mchungaji huvaa kola kwa imani tu.

Lakini lililoninyima usingizi ni lingine. Kwenye kwaya, sauti ya pili ikikosa watu wawili hakuna anayejua, pengine hata inapendeza zaidi. Kengele haina huruma hiyo. Kila mtu amekabidhiwa noti zake, na asipokuja zimeondoka naye. Mwenye fa na so akipigiwa simu kwamba kuna hanga, yaani matanga, Ganze, basi fa na so zimepanda matatu.

Na mimi kazi yangu yote ni kuwapangia nyimbo watu wasiokuja. Naandika solfa kwenye manila nikijua kwamba besi mmoja atakuwa mazishini, mwingine amepata kibarua Watamu kwa kuwa hoteli zimejaa wageni, na sauti ya kwanza yote itaingia baada ya sala ya kufungua. Ndiyo maana naipenda kayamba. Kayamba haina fa. Mpigaji asipofika, unaipitisha kiti cha nyuma na ibada inaendelea.

Nikajaribu kumshinda Mama kwa historia. Nikamweleza kwamba Silent Night ilipoimbwa mara ya kwanza, mkesha wa Krismasi wa 1818 kule Oberndorf, Austria, ilisindikizwa na gitaa. Gitaa tunalo, lina nyuzi nne, lakini tunalo. Akasema gitaa ni mambo ya baa. Nikamkumbusha kengele ya Freretown, ile ambayo mnara wake uko Kengeleni, Mombasa: watumwa walioachwa huru waliigonga kuonyana kwamba wavamizi wanakuja. Kengele moja, ujumbe mmoja, na haikuhitaji mazoezi ya Alhamisi. Akanitazama kama asemaye nimeishiwa. Kamati ikapitisha tutengeneze zetu kwa paipu za maji.

Wazo lenyewe si baya. Paipu ya chuma ukiifunga kamba, ukaining'iniza na kuigonga kwa nyundo ya mti, inalia vizuri sana. Kwa paipu ya sentimita 40 kamba hufungwa kama sentimita 9 kutoka nchani. Ukiifunga katikati sauti inakufa. Tatizo ni kumweleza fundi vipimo. Uzi wa gitaa ukiugawa nusu, sauti hupanda oktava moja. Paipu ya kugongwa haifuati adabu hiyo: ikatwe nusu, inapanda oktava mbili. Do ikiwa sentimita 40, do ya juu ni 28 na ushei. Nilimwandikia fundi kwenye karatasi. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Mwalimu, mimi nimekata paipu kabla hujaoa," kisha akakata 20. Ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Kipande hicho sasa ndicho cha kuitia watoto wa shule ya Jumapili, nao wanakitii kuliko wanavyonitii mimi.

Silent Night inataka noti 11, kuanzia do ya chini hadi fa ya juu. Nilishauri paipu zote zining'inizwe kwenye fito moja, wagonge vijana wawili wenye akili zao. Nikaambiwa kwenye video kila mtu ana zake. Haya. Noti mbilimbili, watu watano wakamaliza 10, ikabaki fa ya juu peke yake, sentimita 24 na nusu, na mtu wa sita. Fa hiyo hugongwa mara moja tu katika ubeti, pale wimbo unapofika kileleni. Beti tatu, nyundo tatu, basi.

Ikaenda kwa mzee mweka hazina, kwa kuwa ndiye aliyetoa pesa za paipu. Mazoezi mazima alisimama nyundo juu, jasho likimtiririka, akihesabu kwa midomo. Aliniuliza mara kadhaa kama sikuwa nimesahau kumwandikia nyingine.

Mkesha wa Krismasi akapigiwa simu kutoka Ganze. Akaondoka na fa kwenye mfuko wa koti.

Ibadani ubeti wa kwanza ukapanda vizuri, re, re, halafu kimya. Watu wakainua vichwa kutoka kwenye vitabu. Kabla sijajua pa kuficha uso, kijana wa kayamba aliyekaa nyuma, ambaye hakuna aliyemwalika, akatikisa mtikiso mmoja mrefu, kisha re ikaingia na wimbo ukashuka salama. Ubeti wa pili walikuwa wakiungojea mtikiso huo. Wa tatu kanisa zima liliiimba ile fa kwa mdomo, kwa nguvu za pilau lililokuwa likinukia nje. Baadaye kila aliyenishika mkono alinisifia kipande hichohicho, ambacho sikukiandika. Mama Mwenyekiti amekirekodi na kuwatumia watu wake wa Marekani.

Mzee alirudi siku mbili baadaye. Nilidhani ataomba radhi.

"Nasikia mlifika kwangu mkakwama," akasema, uso umemng'aa. "Sasa, Mwalimu, huo wimbo wa Pasaka nitafutie wenye fa nyingi nyingi. Na uniandikie mapema, maana Aprili kuna arusi Kakoneni."