Mjusi Kafiri Kavunja Nyumba

Saa tisa usiku, Jumanne iliyopita, mjusi kafiri alivunja nyumba yangu. Hivyo ndivyo king'ora kilivyotangaza, na mimi nililipa shilingi 1,850,000 ili kikisema niamini. Nikatoka chumbani msuli nimeufunga shaghalabaghala, mkono wa kulia panga, wa kushoto simu imewashwa tochi, na Mama Watoto nyuma yangu kakamata mwiko wa ugali. Sebuleni hapakuwa na mtu. Mlango mzima, dirisha zima, televisheni ipo. Juu kwenye pembe ya ukuta, kwenye kile kijicho cheupe cha sensa, mjusi kafiri kajilaza kifudifudi, mkia unacheza, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia bila hodi.

"Baba Watoto," mke wangu akasema, "muulize kama yuko peke yake."

Mtambo huu ni mkono wa shemeji yangu. "Shem, dunia imebadilika," aliniambia. "Mlinzi anasinzia. Mbwa anatupiwa mnofu. Mashine hailali wala haili." Akaniletea fundi na ngazi yake, tukafungiwa sensa mbili, sumaku milangoni, kamera nne, king'ora chini ya paa na kile kisahani cha kunusa moshi koridoni. Fundi akanihakikishia kwamba sasa nitalala fofofo. Kuhusu mashine kutolala, shemeji alisema kweli. Tatizo ni kwamba na sisi hatulali.

Mimi nilidhani sensa inamwona mtu. Haimwoni. Inahisi joto linalosogea: mwili wenye joto ukipita mbele ya ukuta uliopoa, inashtuka. Fundi alisema imeundwa kumpuuza mnyama mdogo, na ni kweli, paka akikatiza sakafuni haimshughulikii. Ila mjusi hakatizi sakafuni. Anatambaa juu ya jicho lenyewe, na ukiwekewa kidole juu ya mboni hata wewe utaona mlima. Sasa njoo Februari ya Dar es Salaam, umeme umekatika, feni imesimama, ukuta wa sebule unakaribia kuwa na joto la mwili wa binadamu. Mwizi akipita hapo taratibu, mashine inapata taabu kumtofautisha na ukuta. Kwa hiyo Julai namkamata mjusi, Februari namwachia mwizi.

Kamera nazo zina maradhi yao. Usiku zinamulika kwa mwanga ambao jicho la binadamu halioni, na mdudu yeyote akipita karibu na kioo anang'aa akawa mkubwa kama bundi. Siku moja nikiwa kazini zamu ya usiku simu ikaniambia kuna mtu dirishani. Nikafungua picha, nikamwona, nikampigia Mama Watoto kumtoa hofu. "Usijali," nikamwambia, "ni nondo." Yowe alilopiga nadhani lilisikika Kinyerezi nzima. "Wamekata nondo!" Ikabidi nifafanue huku jirani wa kwanza keshagonga mlango: nondo mdudu, mke wangu, nondo za dirisha zipo.

Nilisema jirani. Hao ndio moyo wa mashine yenyewe, na hakuna aliyenitajia hilo siku ya kulipa. Kengele ya umeme ya kunasa wezi si kitu cha jana. Augustus Pope, mtu wa Massachusetts huko Marekani, aliipatia hataza mwaka 1853: ukifungua mlango au dirisha, umeme unapata njia, kengele inalia. Edwin Holmes akainunua haki hiyo mwaka 1857 akaifanya biashara. Miaka yote hiyo imepita, vitufe vimeongezeka, lakini kazi ni ileile. Inalia. Baada ya kulia haina mguu wala rungu. Inangoja mwenye miguu na rungu asikie.

Basi wiki ya kwanza majirani walikuja wote, hadi mjumbe kaja na filimbi. Wiki ya pili wakaja wawili. Wiki ya tatu likaja neno kwenye kundi la mtaa la WhatsApp: "Jirani, zima basi." Sasa hivi hawaji kabisa, isipokuwa mama wa vitumbua, ambaye alinisimamisha njiani kunilalamikia. "Baba, jana hakikulia," akasema, "nimechelewa kuwasha jiko, wateja wameniacha." Yaani mtambo wangu wa ulinzi ndio saa yake ya kuamkia.

Mtu akipiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe, "Mwizi!", mtaa mzima unatoka na mawe. Kelele ya mtu ina roho ndani yake, unasikia kama anaogopa au anatania. Kelele ya mashine ni moja kwa mjusi na kwa jambazi.

Shemeji anasema dawa ni kuunganisha na simu. Tumeunganisha. Kuna laini ndani ya kile kisanduku, imesajiliwa kwa alama za kidole changu, kwa hiyo kisheria mimi ndiye ninayejipigia. Ilinipigia tukiwa harusini Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka nyumbani, MC kashika kipaza sauti, watu wanasubiri nikatunze. Sauti ya kike ikaniambia kwa Kiingereza kwamba nyumba yangu imeingiliwa. Haya, sasa nifanye nini na taarifa hiyo? Nikampigia jirani. "Si kawaida yake hicho?" akaniuliza, akarudi kulala. Nilicheza muziki uliobaki kama mtu mwenye jipu. Kumbe paka wa jirani huyohuyo kapanda juu ya kabati.

Namkumbuka yule nesi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown. Mtaani kwao polisi walichelewa kufika, akachoka, yeye na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, wakabuni mtambo wa kamera na runinga wa kumwona aliye mlangoni, wenye kitufe cha kuita msaada. Waliomba hataza mwaka 1966, wakaipata 1969. Namheshimu sana mama yule. Lakini aliumaliza upande wake tu, wa kuita. Wa kuitika haukuwa mikononi mwake.

Mwizi mwenyewe alikuja mara moja, na sina budi kusema alikuja kistaarabu. Umeme wa LUKU uliisha saa nne usiku, nami nikasema nitanunua asubuhi. Mtambo una betri yake ya akiba, ya volti 12, ambayo ingetosha saa kadhaa ingekuwa nzima, ila betri ile ilikuwa na miaka minne na imekufa muda mrefu bila kuaga. Akabeba pampu ya maji, mtungi wa gesi, televisheni, na kile kisanduku kinachotunza picha za kamera, maana kilikuwa chini ya televisheni na labda alidhani ni king'amuzi. Ushahidi ukaondoka na mshitakiwa.

Sasa tuje kwenye moshi, maana huko ndiko nilikotia aibu.

Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akitengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu. Hakikunusa kitu. Akakata tamaa, akawasha sigara, kifaa kikashtuka. Kizazi kilichoanzia kwenye sigara kitawezaje kunyamazia dagaa wa kukaanga? Cha kwangu kina kijitaa na kijicho ndani; chembe za moshi zikiingia, mwanga unatawanyika, kinapiga kelele. Hakiulizi chembe za nini. Kimelia kwa dagaa, kimelia kwa chapati, kimelia kwa dawa ya mbu. Alhamisi jioni mama mkwe akichoma ubani, kinalia tena, naye anakitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kukitambua ni kiumbe cha namna gani.

Mama Watoto akapanda juu ya stuli akakivika mfuko wa plastiki, wa ile ya zamani, maana tangu Juni 2019 imepigwa marufuku na huu mmoja aliuhifadhi kama hirizi. Kikanyamaza. Kisha betri ikaanza kuchoka, kikawa kinasema "chwi" ndani ya mfuko, kila baada ya dakika hivi, usiku kucha, kama kifaranga aliyepotea. Nikaichomoa. Nikaenda kwa Mangi kuuliza betri ya volti 9. "Ipo ya redio, mzee, na ya rimoti." Nikasema nitapita mjini. Ile ya zamani, iliyobaki na uhai kidogo, Mama Watoto akawaazima wenzake wa kikoba waiweke kwenye kipaza sauti.

Usiku wa moto, basi, ulinzi wetu ulikuwa hivi: kisahani koridoni kimevaa mfuko, tumbo tupu.

Mwanangu alilala simu inachajiwa chini ya mto, kwenye ekstensheni ya bei ya kutupa. Godoro likaanza kuungua polepole, bila ndimi za moto, moshi tu. Mimi nililala. Mama Watoto alilala. Pua nayo hulala, huo ndio ubaya wake. Harufu ya moshi si kitu cha kutegemea kikuamshe. Aliyekuwa macho ni mama mkwe, kaamka kusali. "Kuna kitu kinaungua," akasema kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ambayo hakuna fundi atakayeniuzia. "Zima swichi kubwa! Mtoe mtoto!" Nikazima, tukamtoa mtoto akikohoa, tukamwagia godoro ndoo tatu.

Halafu nikakimbilia mlangoni tutoke nje, moshi umejaa, giza totoro. Geti la chuma lina kufuli mbili, mlango kufuli moja. Madirisha yote yana nondo, nene, nilizichagua mwenyewe na kujisifu nazo. Funguo ziko wapi? Tunaficha funguo kila usiku kwa sababu ya vijana wa kuvua: anapitisha mti mrefu wenye ndoano dirishani, anaondoka na suruali, simu na funguo wewe umelala. Kwa hiyo funguo zilikuwa mahali salama. Nilikaa pale nikipapasa droo, mitungi, viatu, natafuta mahali salama, watu watano tukikohoa nyuma ya chuma changu. Zilikuwa ndani ya sufuria ya wali. Sikuhesabu dakika.

Nje nilikumbuka zimamoto. Namba naijua, 114, ilibandikwa na fundi pale kwenye swichi. Lakini ningewaelekeza vipi? Kibao cha anwani ya makazi kimo ukutani tangu 2022, sijawahi kukisoma namba. Na gari lenyewe lingepita wapi? Njia imebanwa na ukuta, na ukuta uliosogezwa mbele mita moja na nusu ni wa nani kama si wangu. Bahati godoro lilizimika.

Majirani walitoka safari hii, wote, na ndoo na mchanga. King'ora hakikulia hata kidogo. Walimsikia mama mkwe.

Siku ya pili yake nikaenda mjini nikanunua betri nne. Mfuko nimeuvua, kisahani nimekihamishia mbali na jiko, na kikilia sasa hakuna anayeruhusiwa kukitukana. Shemeji amepita na fundi yule yule, safari hii ana mtambo wa intaneti unaotambua sura. Nimemuuliza kama unatambua sura ya mjusi. Bado anaulizia kwa wenzake.

Mgogoro uliobaki ni wa funguo. Mimi nimepigilia msumari kando ya mlango, zining'inie pale mtu azipate hata gizani. Mama Watoto anasema msumari huo uko hatua mbili kutoka dirishani, ni kama kumwekea mvuvi chambo. Tumezihamisha juu ya friji. Mama mkwe hafiki juu ya friji. Tumezihamisha nyuma ya pazia, mtoto akazichezea. Juzi mama mkwe akaamua atazitunza yeye, kwenye pindo la kanga yake, ambako hakuna ndoano itakayofika.

Leo asubuhi kaenda sokoni, na kwa mazoea ya ulinzi kafunga geti nyuma yake. Naandika haya nikiwa ndani, nimechungulia kwenye nondo mara tatu. Mama wa vitumbua kanipungia mkono.