Mifuko ya Kokoto

Mtu anayeokota mawe humtambui kwa sura, unamtambua kwa suruali. Mifuko imelegea, kiuno kimeshuka upande mmoja, na akiinama kuwaamkia wakubwa husikika mlio wa kokoto zikigongana. Arusha yupo mmoja wa aina hiyo, mwalimu wa jiografia wa sekondari, ambaye mkewe hafui nguo yake yoyote kabla ya kuipekua. Mashine yao ya kwanza ya kufulia ilikufa na kipande cha kwatzi tumboni. Fundi alikitoa, akakigeuzageuza, akauliza kama nyumba ina watoto watundu. Mwalimu akasema watoto wapo. Hakudanganya.

Mji wenyewe nao unamchokoza. Bonde la Ufa limeipasua nchi hiyo na kumwaga matumbo yake nje, basi kila korongo lina kitu cha kuinamia. Longido, kwenye barabara ya Namanga, kuna jiwe la kijani lenye mabaka ya rubi ambalo wachongaji hulifanya sanamu. Mirerani kuna tanzanaiti, ambayo haichimbwi penginepo popote duniani. Mtoto wa Arusha hukua akicheza mdako kwa vijiwe vilivyotemwa na volkano, wala hana habari.

Tatizo la mwalimu ni kwamba hatosheki kuokota. Lazima apime. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu: talki, ile inayosagwa kuwa poda ya watoto, ikakaa namba 1, almasi ikakaa namba 10, na sheria ikawa kwamba kigumu hukwaruza kilicho laini. Ukucha una kama 2 na nusu, kioo cha kawaida 5 na nusu, kwatzi 7. Mwalimu hana maabara, anayo sebule. Na sebuleni kulikuwa na meza ya kioo, zawadi ya mama mkwe. Aliburuza jiwe lake juu ya meza ile, mstari mrefu mweupe ukatokea, akatangaza kwa furaha kwamba kwatzi ndiyo hiyo. Mkewe naye alikuwa na matangazo yake. Tangu siku ile meza hufunikwa kitambaa, na mama mkwe akija huwekewa sinia kubwa juu ya kitambaa.

Lakini jiwe lililompa hadhi, na kisha kumwaibisha, lilitoka Ol Doinyo Lengai. Mlima huo uko kusini mwa Ziwa Natron, na ndio volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina yake: badala ya silika imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na hutiririka kama uji mwepesi. Ikipoa huwa nyeusi kabisa. Ndani yake mna madini yaitwayo nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere mwenyewe.

Sasa fikiria mwalimu anayeambiwa kuna madini yenye jina la Mwalimu. Alipanda mlima usiku, kama wapandavyo wote ili kulikwepa jua, akarudi magoti yakitetemeka na kipande cheusi alichopewa na kiongozi wake. Akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka kabatini, akaita walimu wenzake waje Jumamosi wakione.

Kisichosemwa haraka kwa wanaopanda Lengai ni kwamba lava ile haiwezi hewa yenye unyevu. Hunywa maji ya hewani, ikapauka, ikavunjika, ikawa vumbi jeupe. Jumamosi ilipofika wageni walikaa, chai ikamiminwa, kabati likafunguliwa. Mfukoni mlikuwa na unga. Mkewe aliuchungulia, akausugua kidogo kwa vidole, akauliza, "Mume wangu, magadi haya umenunua wapi? Mbona machafu hivi?" Kikemia mama huyo hakuwa mbali na ukweli, maana magadi yalainishayo makande nayo ni kaboneti ya sodiamu. Wageni walicheka hadi chai ikapoa. Na mtu mwenye masihara angeweza kuongeza kwamba madini yenye jina la baba wa Ujamaa yangekubali vipi kulimbikizwa na mtu mmoja kabatini.

Hayo yote yalikuwa ya siku za amani. Juni 2020 mchimbaji wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Agosti akarudi na la tatu, kilo 6.3. Nchi nzima ikaanza kutazama chini inapotembea. Ndugu waliokuwa wakimnong'ona mwalimu kwamba amerogwa sasa walimpigia simu kumjulia hali, na baada ya hali walifikia mawe.

Mpwa wake ndiye aliyevuka mpaka. Alisikia mahali, na ni kweli, kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia na moto ndio huzitia ule ubuluu. Basi akachagua kijiwe cha kahawia dirishani, akakisukumia ndani ya mkaa chini ya sufuria ya maharage, akasubiri utajiri. Kijiwe hicho kilitoka mtoni kikiwa na maji yake kwenye nyufa. Maji yakawa mvuke, mvuke ukatafuta njia, na jiko likatoa mlio uliomfanya jirani aite jina la Mungu. Maharage yalipatikana mpaka juu ya kabati. Ubuluu haukupatikana.

Mwalimu mwenyewe hauzi wala hanunui, kwani sheria anaijua: madini ya Tanzania ni mali ya umma, na biashara yake inataka leseni. Mirerani imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 hivi tangu 2018. Yeye huridhika na vile ambavyo hata dalali hawezi kuvitolea bei. Akisumbuliwa sana humtaja Louis Leakey, ambaye akiwa mtoto huko Kabete, karibu na Nairobi, aliokota vipande vyeusi vya obsidiani na kuvirundika nyumbani. Obsidiani ni kioo cha volkano, na kwa jicho la haraka haitofautiani na chupa iliyovunjika. Mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, Arthur Loveridge, alivitazama akathibitisha kuwa baadhi ni zana za watu wa kale. Mke wa mwalimu husikiliza hadithi hiyo mpaka mwisho, kisha huuliza kama mama yake Leakey alikuwa na meza ya kioo.

Mwaka jana shemeji alikuja kutoka Mwanza. Baada ya kula alifunga mlango, akafungua gazeti la michezo lililokunjwa mara nyingi, akatoa jiwe la kijani, laini, linalopitisha mwanga. Aliliokota ufukweni mwa ziwa. Mwalimu alilielekeza kwenye taa, akaona ndani yake vipovu vidogo vya mviringo.

"Shemeji, hii ni chupa. Chupa ya bia. Mawimbi yameisugua."

Shemeji aliinamisha kichwa. Hapo mambo yangeisha, ila mwalimu hakuweza kukiachia kile kitu. Alikigeuza, akakisugua kwa kidole gumba, akasema kimesuguliwa vizuri ajabu, pembe zote zimekwisha, rangi imekolea.

"Basi niachie, shemeji."

"Kama ni chupa, unaitakia nini?"

Jibu halikupatikana kwa haraka iliyotakiwa. Shemeji alinyoosha mkono, akalifunga jiwe lake kwenye gazeti, kunjo kwa kunjo, akauliza soko la madini liko mtaa gani. Kesho yake alfajiri alionekana stendi akigombana na konda, akikataa katakata begi lake liwekwe kwenye buti.